Siwa Iliyoliza Harusi

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko vilemba, Sultani Mwinyikombo alishikwa na hamu ya Kiingereza, akamwita Maalim Badi amfundishe. Wakaanza na neno "rani." Mtu akienda mbio, rani. Sultani akafurahi, akalirudia mpaka wake zake wakachoka. Kesho yake maji ya mfereji nayo yakawa rani, na mwenye kuendesha duka, rani. Sultani akakunja uso. Kisha akapatwa na mafua, na maalim, maskini, akasema kwa adabu kwamba pua ya Bwana nayo i katika rani.

"Pua yangu ina miguu?" Sultani akanguruma. "Wanicheza shere! Tangu leo, katika nchi yangu kila kisemacho kiwe na maana moja tu. Na huyu, harusi ya binti yangu ikipita, akatwe ulimi!"

Basi maalim akatiwa gerezani. Dada yake alikuwa mke wa Shekuwe, fukara asiye na kanzu ya pili. Mama yule alilia sana, na Shekuwe, aliyempenda shemejiye, akaona uchungu, akaenda barazani.

"Bwana wangu, amri yako yahusu na kisemacho bila ulimi?"

"Hata hicho," akajibu Sultani, asijisumbue kuuliza ni kitu gani.

Mji ule ulikuwa na siwa, baragumu kubwa la pembe, ipigwayo wakubwa wanapooa na wanapozikwa. Shekuwe akamwendea mpiga siwa. "Amri umeisikia. Siwa yako ina maana ngapi?"

"Mbili," mpiga siwa akajibu.

"Chagua moja, ndugu yangu, kabla hujachaguliwa."

"Mara ya mwisho niliipiga akizikwa babaye Sultani."

"Basi ndiyo hiyo," akasema Shekuwe, akazunguka mji mzima kuwaarifu watu.

Siku ya harusi Sultani akaamuru siwa ilie. Ikalia, na mji ukaangua kilio. Laiti ningalikuwapo! Wanawake wakaja wakiomboleza, wanaume wakaja na jeneza, na bwana harusi akapewa pole na kila mtu, hata akaanza kujipapasa kifua aone kama moyo ungali ukipiga.

"Nani kafa?" Sultani akapiga kelele.

"Hatujui, Bwana," akajibu Shekuwe, bega lake chini ya jeneza. "Siwa imelia, nayo ina maana moja. Twamtafuta maiti."

"Mapunguani! Siwa ni ile ile, lakini mtu hutazama imelia wapi na kwa ajili ya nani! Hata mtoto mdogo ajua!"

"Naam, Bwana, na neno la Kiingereza ni vivyo hivyo," akasema Shekuwe akipiga goti. "Wamkata shemeji yangu ulimi kwa jambo ajualo mtoto mdogo?"

Sultani akaona haya, akageuza uso, akamwona kikongwe mmoja angali akimwombea bwana harusi makazi mema peponi. Ikawa kicheko kimemponyoka, akacheka hata akashika nguzo. Akaamuru maalim afunguliwe na Shekuwe avishwe joho. Jeneza likarudishwa msikitini, waombolezaji wakakaribishwa pilau, na waliolia sana ndio waliokula sana. Mimi ninayewasimulia sikubakiziwa hata ukoko.