Mlamba na Shikamoo za Jemadari

Paukwa! Mbona mnaitikia kivivu? Paukwa! Pakawa. Pakawa kiota, kiotani makinda, juu ya makinda kivuli.

Hapo kale, kale sana, Mwewe alikuwa akiwala makinda wa ndege wadogo. Ndege wakaunda jeshi, wakamweka Korongo kuwa jemadari. Mlamba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, akawa askari. Lakini hatulii huyo. Mara tawi hili, mara lile, macho juu.

Mama Mnana alikuwa na makinda watatu. Mwewe akatokea. Jeshi likajipanga, mkubwa mbele, mdogo nyuma.

"Shikamoo jemadari."

"Marahaba."

"Shikamoo jemadari."

"Marahaba."

Ndiyo desturi yao: haruki mtu mpaka salamu ziishe. Zilipokwisha, Mwewe keshakwenda na kinda.

Siku ya pili, vivyo hivyo. Shikamoo, marahaba, kinda hayupo. Mama Mnana akabaki na mmoja.

Mlamba akamfuata Mwewe kutwa, anamtazama anavyogeuka. Akaenda kwa Korongo.

"Mzee, Mwewe ana nguvu, ila kugeuka kwake kuzito kama ng'ombe topeni. Tukigeuka kabla yake, tutamvuruga."

"We umekalia siafu? Rudi kwenye mstari."

Ndege wakacheka.

Siku ya tatu, kivuli hicho. Shikamoo, marahaba. Mlamba akamwona Mama Mnana kamfunika kinda kwa bawa. Zamu yake ikafika. Hakuamkia. Akaruka.

Mwewe akageuka kulia, Mlamba yuko kushoto, anamdonoa kisogo. Akageuka kushoto, Mlamba yuko juu. Akatazama juu, Mlamba yuko chini ya tumbo lake. Mwewe akawa anapigana na pale Mlamba alipokuwa, si pale alipo. Kizunguzungu kikamshika, akaenda zake kucha tupu.

Korongo akasema, "Niombe radhi mbele ya wote, nikupe cheo. Ukikataa, toka jeshini."

"Cheo hicho kitamfunika kinda wa nani, mzee?"

Mlamba akatoka.

Kesho yake kivuli kikapita tena. Korongo akanyoosha shingo apokee shikamoo. Akageuka kutazama mstari, hapana mtu. Wote wako juu, kila mmoja na upande wake, wanamzunguka Mwewe, na aliye mbele yao ni Mama Mnana.

Basi wajukuu zangu, heshima ni nzuri, lakini adui hangoji mtu aitikiwe marahaba. Aliyeona kwanza na ageuke kwanza.

Hadithi imeruka kinywani kwangu, imetua masikioni kwenu. Asiyeitaka na aipeperushe.