Nani Ampe Jina Mtoto wa Lugome?

Hapo zamani, usiku wa manane, ilisikika sauti ya mtoto akinyonya ziwa kavu. Ananyonya, anaachia, analia, anarudi tena. Mama yake, Nambiza, amekaa tu. Mumewe Lugome alikufa kwa homa jioni ile, na tangu hapo Nambiza hakulia, hakusema, na maziwa yakakatika, yakakatika kabisa jamani, na mtoto hata arobaini hajafikisha!

Mama mkwe akambembeleza, "Lia, mwanangu. Ukilia yatashuka." Hakulia. Akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa mtama. Wapi!

Kulipokucha, msiba umejaa, akatokea Tawete, mtu wa ng'ambo ya mto. Adui! Watu wake na watu wa Lugome walichinjana tangu enzi za mababu. Lakini hao wawili, kila walipokutana mtoni kunywesha ng'ombe, huyu ng'ambo hii, yule ng'ambo ile, walitukanana mpaka wakakaa chini kwa kucheka. Lugome ndiye aliyeanza: siku moja, badala ya kurusha mkuki, alirusha tusi.

Vijana wakanyanyua mikuki. Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kaitanua. "Mchomeni. Ila mpite kwangu kwanza."

Tawete akaingia, akajilaza mkekani ubavuni mwa maiti. "Sogea huko, miguu ya korongo! Zamu yako ya kutukana imefika ndiyo unajifanya umekufa? Amka! Uji wa mkeo mbaya hivi, umeniachia niumalize peke yangu?"

Watu wakashika vinywa. Nambiza akaitazama miguu ile, mirefu kweli, imechomoza nje ya sanda, akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na nguo ikalowa kifuani. Mtoto akanyonya, akashiba, akalala.

Maneno yale yanayochoma bila kutoa damu, watu wakayaita utani.

Sasa, arobaini ya mtoto ikafika. Desturi yao ilikuwa hivi: aliyemrudishia mtoto uhai ndiye ampe jina. Na mtoto akipewa jina na asiyestahili, hakui.

"Nilitia shingo yangu kwenye mikuki," akasema Tawete.

"Na ingebaki hukohuko, mtani, kama si mimi," akasema mama mkwe. "Tungekuzika mdomo wazi."

Nambiza akasema, "Nawashukuru nyote. Lakini matusi yale ni ya mume wangu. Nilipomsikia Tawete, nilimsikia yeye. Ampe mwanawe jina yeye."

"Maiti haisemi, mwanangu."

"Atanijia ndotoni. Kila jioni nautazama mlango, mama. Nitamsubiri."

"Wewe utasubiri. Mtoto je?"

Mtoto yuko mapajani, hana jina, anawatazama wote watatu.

Je, nani alistahili? Tafadhali usijibu kwa sauti, usije ukakosea na mtoto anasikia. Ninong'oneze sikioni. Sitamwambia mtu mwingine, nakuahidi.