Wasusi Waliovishwa Makapu

Hebu fumbeni macho kidogo, mwone ua wa jumba la Sultani, na humo wasusi ishirini wa mikeka wameketi, kila mmoja amejifunika kapu kichwani hadi mabegani. Hapo zamani ndivyo ilivyokuwa, na chanzo chake ni Mngwali, fukara mwenye kanzu moja na maneno mengi.

Mngwali aliwafundisha wasusi wale kuhesabu na kupima, saa moja kila asubuhi. Basi siku moja Sultani akawakuta wakichora mchangani kwa vijiti, akaghadhibika.

"Ewe Mngwali, wageni wangu waja Ijumaa, ukumbi hauna mkeka, nawe wawachezesha wasusi?"

"Hawachezi, seyidi yangu. Wanapima ukumbi kabla ya kusuka."

"Mimi nataka mikono yao tu. Vichwa visionekane kazini. Na mkeka usipokuwa tayari Ijumaa, utauhama mji huu."

Mngwali hakuwa na mji mwingine. Akainama. "Amri yako itatimizwa, neno kwa neno."

Kesho yake akagawa makapu.

"Mngwali, hili langu lanuka dagaa," akalalamika Bi Mwanakombo, mkubwa wa wasusi.

"Vumilia, bibi yangu. Pua nayo ni ya kichwa, haina kazi leo."

Ikawa vurugu tupu. Huyu akasuka kwenda kushoto, yule kulia, na wawili wakajishona ndani ya mkeka. Siku ya tatu waziri akapita kukagua, wakamshona kanzu yake mkekani. Kila akijivuta, wasusi watano wakaburutika nyuma yake.

Sultani akatoka, akaona mkeka wenye mashimo na mikono, na waziri katikati.

"Nini hiki?"

"Kazi ya mikono, seyidi yangu. Vichwa havikuonekana, kama ulivyoamuru."

Sultani akajaribu kukunja uso, lakini waziri akapiga chafya ndani ya mkeka, basi akacheka hata kilemba kikamdondoka.

"Vueni makapu," akasema akijifuta machozi. "Zimebaki siku tatu, Mngwali. Mtaweza?"

"Tutaweza, na saa moja ya darasa kila asubuhi."

Ijumaa mkeka ukatandikwa, ukaenea ukuta hadi ukuta. Mngwali hakuhama. Tena Sultani mwenyewe akaja darasani, na Bi Mwanakombo akamkosoa mara mbili kabla jua halijapanda.

Nanyi, wanangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: mkimwona mfanyakazi ameketi anajifunza, msidhani kazi imesimama.