Ghala la Kompyuta Iliyokufa

"Nyumba ikianguka, usizike ghala." Mmemsikia fundi akisema hivyo, sasa mnaniuliza ameutoa wapi msemo huo. Msidhani ni wa wahenga. Una umri mdogo kuliko koti langu hili, na chanzo chake nakijua vizuri, maana aliyezika ghala ni mimi.

Nilikuwa mtunza kumbukumbu katika kituo cha nyimbo za asili, hapa hapa Mbinga. Tulikuwa na kompyuta mbili za mezani. Moja ilipigwa na radi ikanyamaza. Nami, kwa utaalamu wangu wote wa kuwasha na kuzima, nikatangaza kwamba imekufa na kila kilichomo kimekufa nayo. Nikaiandika MAREHEMU kwa chaki, nikaisukuma pembeni, tukaweka mtungi wa maji juu yake. Ikakaa hivyo miaka minne.

Ile ya pili ikajaa pomoni. Siku hiyo hiyo akaletwa Bibi Agata kutoka kijijini, binti yake akimshikilia. Yeye peke yake ndiye aliyebaki anayezijua nyimbo za kusagia mahindi, na kifua kilikuwa kimemwelemea. Hakuna aliyetarajia kwamba angeweza kuja tena. Nyimbo zile ni za watu wawili: mmoja huanzisha, mwenziwe huitikia. Aliyekuwa akianzisha ni dada yake, Konsolata, na alikwisha kufa. Agata alijua kuitikia tu.

Nikajaribu kumrekodi, mashine ikakataa: hakuna nafasi. Diski mpya ilikuwa ghali, tena ya kuagiza mbali. Nikaamua kufuta masimulizi ya marehemu baba yangu, kwa kuwa yalikuwa marefu kuliko yote.

"Unafuta nini, mzee?" akauliza Fundi Somoe, mwanamke aliyekuja kututengenezea printa.

"Natafuta nafasi, mwanangu."

"Na lile sanduku chini ya mtungi?"

"Lile liliuawa na radi."

"Radi iliua nini humo? Ulifungua ukatazama?"

Nikaondoa kidole kwenye kitufe cha kufuta.

Somoe akaondoa mtungi, akafungua sanduku, akachomoa diski, kitu cha kuenea kiganjani. "Kilichoungua ni kile kinachoingiza umeme," akasema. "Hili ndilo ghala. Nyumba ilianguka, mzee, wewe ukazika na ghala lake."

Akaifunga ndani ya ile kompyuta iliyo nzima, kando ya diski iliyojaa, kwa nyaya zile zile za kompyuta marehemu: mmoja wa umeme, mwingine wa kupitishia kumbukumbu. Hatukununua hata skrubu.

Kioo kikawaka. Diski mbili! Zaidi ya nusu ya ile ya zamani ilikuwa tupu. Katika sehemu iliyobaki palikuwa na rekodi nilizokwisha kuzililia. Somoe akafungua moja.

Ikatoka sauti nzito ya mwanamke, na nyuma yake jiwe likisaga. Bibi Agata akainua kichwa.

"Konsolata?"

Nikakumbuka: siku tuliyomrekodi Konsolata, Agata alikuwa mgonjwa, dada mtu akaimba peke yake, akinyamaza kila palipokuwa pa mdogo wake. Sasa wimbo ukafika hapo, ukanyamaza.

Bibi Agata akaitikia.

Kile kifua kilichokuwa hakimalizi sentensi bila kukohoa kikaimba. Somoe aliwahi kubonyeza kitufe cha kurekodi, mimi nilikuwa nimesahau kazi yangu. Ndugu wawili wakapokezana, mmoja kitini, mwingine kutoka huko aliko, mpaka mahindi ya wimbo yakaisha. Niliogopa, nikafurahi, nikalia mbele ya watu bila aibu.

Kulipotulia, bibi aliweka kiganja juu ya kompyuta, akakiacha hapo kwa muda.

"Mimi nilimzika nikadhani nimezika vyote," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, nyumba ikianguka, usizike ghala."