Kapteni Kiboko na Majembe Arobaini

Jamani, mko macho?
— Macho!
Masikio je?
— Yamesimama!
Basi yashikeni, yasianguke.

Hapo kale porini palikuwa na jeshi la akiba. Siku tano wanyama walifanya kazi zao, siku mbili wakavaa kofia za kijani. Kindi alikuwa muuza karanga Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili alikuwa Koplo Kindi, mtunza bohari wa kambi.

Kazi ya jeshi hilo ilikuwa moja: kiangazi kikifika, kulima ukanda mtupu kando ya mto, moto wa nyika usivuke kuja makwao. Kila askari alipewa sahani moja ya makande na jembe moja.

Lakini kamanda wao alikuwa Kapteni Kiboko.

Kapteni aliwahi bohari kabla ya wote. "Nipe sahani!" Nyafu, nyafu, gubu! "Nipe nyingine!" Nyafu, nyafu, gubu! Askari walipofika, sufuria limebaki kung'aa. Wakalima na njaa. Jumapili moja Nungunungu akaanguka, puu! Wakambeba mpaka kwa mkewe.

"Koplo," mkewe akamwambia Kindi huku analia, "huko kwenu mnalima au mnazikana?"

Kindi hakulala vizuri wiki hiyo. Kumkatalia kapteni hawezi. Afande ni afande. Akafikiri wee, akafikiri, mpaka akacheka peke yake.

Jumamosi Kiboko akafika, puf, puf, puf.

"Nipe sahani!"

"Hii hapa, afande. Na jembe lake hili."

"Jembe la nini?"

"Utaratibu wa bohari, afande. Sahani na jembe vinatoka pamoja. Ila kama afande ameshiba..."

"Nani kashiba? Lete!"

Nyafu, nyafu, gubu! Jembe chini, kwaa!

"Nyingine!"

"Na jembe lake, afande."

Nyafu, nyafu, gubu! Kwaa!

Sahani arobaini zikaisha. Majembe arobaini yakalala miguuni pa Kapteni, naye akaketi juu yake, anacheua.

Askari walipokuja, Kindi akawapitisha mlango wa nyuma. Alikuwa amebeba gunia la karanga kutoka kwenye biashara yake mwenyewe. Wakatafuna kimya kimya, kru, kru, kru.

Mara vumbi, tifu! Jenerali Nyati huyo, anakimbia.

"Moto umevuka kilima! Kesho jioni uko hapa! Kila mwenye jembe akalime hatua kumi, sasa hivi!"

Askari wote wakanyoosha mikono mitupu.

"Majembe yako wapi?" akanguruma Jenerali.

"Yametoka yote, afande," akasema Kindi. "Kayachukua Kapteni. Nilimpa moja moja, akaomba mengine."

Jenerali akamtazama Kiboko aliyekalia rundo lile. Macho yakamlowa.

"Arobaini! Kapteni, unataka kulima peke yako hatua mia nne? Hakika wewe ni simba!"

"Mimi... afande... tumbo..."

"Usione haya! Anza!"

Kiboko akalima. Chwa, chwa, chwa! Jembe la kwanza likavunjika, akachukua la pili. Chwa, chwa, chwa! Wenzake, wameshiba karanga, walimfuata nyuma wakiondoa nyasi kwa meno. Usiku kucha, na Jumapili mchana kutwa. Jioni moto ukaja, vuuuu! Ukafika kwenye ukanda, ukakosa cha kula, pshhh. Ukafa. Hata kiota kimoja hakikuungua.

Jenerali akamvisha Kiboko nishani ya ushujaa. Kiboko hakuweza kuinua shingo kuipokea; alivishwa akiwa amelala. Kindi naye akaambiwa, "Koplo, njoo jeshini siku zote saba."

"Saba, afande?" akasema Kindi. "Basi karanga za kulisha jeshi zitatoka wapi?"

Funzo lake, wanangu: mkipakuliwa chakula, kuleni na cha wenzenu. Nchi haiwezi kukosa mashujaa.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyechoka aikalie.