Aikande na Mto Uliopashwa Moto

Aliyekuja kupiga soga atoke. Aliyekuja kusikia asogee.

Paliondokea nchi chini ya mlima wa barafu. Huko kila mtoto mchanga alichovywa mtoni, na akilia kwa baridi ya maji ndipo alipopewa jina. Asiye na jina alikuwa halali ya zimwi. Lakini zimwi lilifungwa kileleni, barafu mpaka shingoni.

Mwana wa kwanza wa Aikande alilia hadi sauti ikakauka. Mama akaona uchungu, akapanda mlimani.

“Babu zimwi, upashe mto moto kidogo.”

“Ukiomba wewe, mjukuu wangu, nitakataaje?” Zimwi likapuliza, barafu ikalishuka kiunoni.

Wa pili akalia kidogo tu. Aikande akapanda tena, zimwi likapuliza, barafu ikalishuka magotini.

Alipobeba mimba ya tatu, mama mkwe akamzuia njiani. “Mwanangu, sisi sote tulilia. Tulikufa?”

“Mama, roho yako imeganda kuliko mto!” Akapanda. Zimwi likapuliza, barafu ikaisha.

Siku ya kumchovya binti, maji yalikuwa vuguvugu. Mtoto akacheka.

“Mfinye!” mama mkwe akapiga kelele. Aikande akamfinya, mtoto akalia.

“Hicho ni kilio cha vidole,” likasema zimwi, limesimama ng'ambo. “Mto haujamliza.” Likanyoosha mkono, likamchukua.

Msinikunjie uso mimi. Aliomba kwa mdomo wake, akapewa. Tangu hapo hakuna mtoto wa nchi ile aliyepata jina, na ngano yangu inakomea hapa kwa kuwa watu wake waliisha.