Pimbi na Lundo la Kifaru

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo, sogeeni mbele. Nanyi wakubwa huko nyuma, msijifanye mmesinzia. Hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipigana vita na Fisi. Jemadari wao alikuwa Kifaru. Vita vikaisha, Kifaru akazeeka, akafa. Juu ya kaburi lake wakarundika mawe meupe. Kila mwaka, siku ya ushindi, kila ukoo uliongeza jiwe moja. Koo zote, isipokuwa Digidigi. Wao walisimama mbali.

Mwaka huo zamu ya kusimulia vita ilimwangukia Pimbi, binti wa majabalini. Pimbi alikuwa mwoga. Mwezi mzima alikuwa akizunguka na kuuliza: lango la boma lilikuwa upande gani? Nani alishika nini? Alimwuliza hata Bibi Digidigi, ambaye hakuwahi kuulizwa na mtu.

Siku ilipofika, Pimbi akapanda jiwe la msimulizi.

"Nani alitulinda?"

"Kifaru!" Wanyama wakapiga kwato, du! du! du!

"Kweli. Fisi walikuja jua likizama. Kifaru akakokota miiba kwa pembe yake, akaziba lango la boma, ndi! Akasimama hapo mpaka kulipokucha. Bila yeye nisingezaliwa."

"Sema, binti, sema!"

"Na nje walibaki Digidigi waliokuwa mtoni. Wakubwa saba, watoto kumi na mmoja. Waliita. Kifaru aliwasikia. Hakufungua. Alipona mmoja tu, Bibi Digidigi."



Ngiri, msimamizi wa sherehe, akasimamisha mkia wima. "We mtoto! Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, babu. Wewe ulikuwepo. Ulishika tawi la pili la miiba, pale langoni."

Ngiri akang'aka. "Ukilitia doa lundo hili, litaporomoka lote! Futa maneno yako, la sivyo unahama jabali hili leo hii."

Pimbi akalitazama jabali. Hakuwa na kwao kwingine.

"Nitahama, babu. Ila namaliza kwanza. Alituokoa. Na aliwafungia nje. Yote mawili ni yake."

"Chagua moja!"

"Sichagui."

Hapo akaja Bibi Digidigi, polepole, akisukuma jiwe jeusi kwa pua.

"La wanangu," akasema. "Nilikuwa nangoja watajwe."

Akalisukumiza katikati ya mawe meupe.

Lundo halikutikisika.

Nyani akakohoa. "Mzee Ngiri, mbona limesimama?"

Lakini Ngiri hakulifuta neno lake, na Pimbi akaenda pangoni kufunga virago. Alipotoka, alimkuta Bibi Digidigi amejilaza mlangoni, amemzibia njia, na nyuma yake koo zote, moja baada ya nyingine.

"Rudi ndani, mjukuu wangu," akasema bibi. "Safari hii hafungiwi mtu nje."

Basi, wasikilizaji wangu: aliyewaokoa msifuni kwa sauti. Na aliowaacha nje, watajeni kwa sauti ileile.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa Pimbi, na lundo lingali limesimama.